Saa Sifuri ya Shomari

Mtani wangu Shomari,

Najua utasema Mmatumbi hana haya, hata marehemu hamwachi apumzike. Sema utakavyo. Nina habari njema, na mtu wa kuzicheka sawasawa ni wewe.

Kwanza, msibani kwenu Mohoro nilitimiza wajibu wa utani. Nilivaa shati lako la mistari, nikakaa mlangoni, nikamwambia kila aliyekuja kuhani kwamba mashine imekula karatasi, arudi kesho, kama ulivyozoea kuwaambia wateja wako wa fotokopi pale Kibiti. Watu walicheka huku wanajifuta machozi. Na mimi nililia. Nililia mpaka shati lako likalowa, Shomari.

Pekua ipo. Ile programu uliyoianza dukani ukisubiri wateja, ya kufungua ghala la msimbo, yaani maandishi yanayounda programu yoyote, na kuusoma faili kwa faili, bado ni huria: anayeitaka anaichukua, anayeona kasoro anarekebisha. Ukigusa mstari bado unakuonyesha nani aliuandika na saa ngapi. Na aliyechagua Kiswahili bado anaonyeshwa saa yetu, inayohesabiwa tangu kuchomoza jua.

Saa hiyo nusura ituponze. Wenzetu wa ng'ambo tunaoijenga nao Pekua walinikabidhi mimi kazi yako ya kupokea mabadiliko yanayotumwa na watu. Asubuhi moja, nimeshaswali, nikatuma badiliko langu la kwanza bila wewe. Pekua ikaandika: Mwajuma, saa sifuri asubuhi. Nilicheka mpaka jirani akaja kuuliza kulikoni. Ulipunguza saa sita kwenye saa ya kizungu, ukasahau kwamba kwetu baada ya kumi na moja inakuja kumi na mbili. Tuliochagua Kiswahili tulikuwa mimi na wewe tu, na wewe saa kumi na mbili asubuhi uko usingizini, saa kumi na mbili jioni umeshafunga duka unakwenda msikitini. Ungeionea wapi?

Lakini yule mwenzetu tuliyembandika jina la Mzee wa Vinukta, maana hapitwi na nukta, naye akaiona akisoma msimbo. Akaandika kwa adabu kwamba tuiondoe saa yote, kwa kuwa iliwekwa na mtu mmoja na mtu huyo hayupo. Maneno yale yalinichoma. Nikamjibu kwamba mtu hayupo, saa ipo, na kasoro nitaiondoa kwa mkono wangu.

Siku niliyokaa kuirekebisha, mama yako alikuwa amekuja na mchele mpya. Nikamweleza ninachofanya, pamoja na kwamba nikiuandika upya mstari ule, jina litakalotokea ni langu. Akauliza, "Sasa mwanangu si atafutika?"

Nilikuwa nimepigana na mtu wa ng'ambo ili ubaki, halafu anayekufuta ni mimi. Nikaitazama Pekua yako, na jibu likawa humo humo, kwenye kile kitufe ulichokihangaikia masika yote. Nikaubadilisha mstari wako mwingine kwa majaribio, nikamwonyesha jina langu, kisha nikabonyeza kurudi nyuma hatua moja. Ukatokea. Shomari, na saa yako. Mama akaweka kidole kwenye kioo, akakiacha hapo.

"Kumbe yumo," akasema. "Basi rekebisha. Kuamka, mwanangu alikuwa hawezi kweli."

Tulicheka, Shomari, mpaka chai ikapoa.

Sasa saa kumi na mbili ni saa kumi na mbili. Mzee wa Vinukta ameikubali, tena ameweka Kiswahili kwenye Pekua yake, na anauliza kwa nini anakunywa chai saa mbili.

Allah akupe kauli thabiti, mtani wangu. Mistari yako itazidi kukosea, na mimi nitazidi kuandika juu yake. Nakuahidi kila mara nitaandika pembeni sababu ya kuubadilisha mstari wako, ili atakayerudi nyuma akukute.

Wako katika utani,
Mwajuma