Sanduku la Wapagazi

Anaeli,

Habari za huko sikuulizi, maana mchungaji alituhakikishia pale kaburini kwamba ni nzuri. Nitakupa za huku, na nyingine hutazipenda. Ulipokuwa hai nilikuwa nakuonea wivu wewe, kwa sababu ulinishinda mara nyingi kuliko nilivyokushinda. Nikadhani ukiondoka nitapumzika. Sijapumzika. Sasa namwonea wivu Godlisten, ambaye ana afya njema, ana duka la spea, na ana sanduku lako.

Unajua ninalolisema. Lile la mbao, lenye askari wako wadogo wote wa Mjerumani na wapagazi wao. Siku ya kumaliza msiba, pale kwako Maji ya Chai, watu wameshakula, Mama Neema akatoka nalo chumbani amelikumbatia. Mimi nilikuwa mstari wa mbele. Nikaanza kusimama, Anaeli. Koti nimeshalifunga vifungo, magoti yameshanyooka nusu, na maneno ya kupokea nimeshayapanga kichwani. Mkeo akanipita. Akaenda mpaka nyuma kabisa ya turubai alikokuwa amekaa Godlisten, akamkabidhi mbele ya ukoo mzima, akasema, "Baba Neema alisema hili ni lako." Mimi nikajifanya nilikuwa nainuka kwenda kunawa mikono. Nikaenda nikanawa mikono iliyokuwa safi.

Ningevumilia kama ungemwachia Neema, ingawa yeye hao askari anawaita midoli ya baba. Mtoto ni mtoto. Lakini Godlisten! Mtu aliyeingia kwenye chama chetu cha mchezo juzi tu, akauliza kama tunauza. Kweli, Mchaga hata kwenye vita anatafuta bei. Wewe na mimi ndio tuliokianzisha chama kile, wakati watu wa mjini wakituona tumechanganyikiwa: wanaume wawili wenye wake na mashamba, wameinamia meza kwenye chumba cha nyuma cha duka la mbao pale Sakina, wanapigana vita ya Mwingereza na Mjerumani iliyokwisha kabla baba zao hawajaota ndevu, kwa dadu na futi ya fundi cherehani. Mlima Meru tuliuchonga pamoja kwa lile povu gumu linalokuja kwenye katoni za televisheni. Udongo wake ni machicha ya kahawa ya shambani kwako. Misitu niliipanda mimi kwa sponji ya kuoshea vyombo, na nilikukatalia usiweke misonobari upande wa Momela, kwa sababu kazi yangu ni kufundisha misitu hapa Olmotonyi na siwezi kutazama mti usio mahali pake. Ukaniita Bwana Miti kuanzia siku ile. Hakuna mwingine anayeniita hivyo sasa.

Na wapagazi je? Askari tuliwaagiza nje, wakaja kwenye bahasha, warefu kama kidole gumba, kazi yetu ikawa kuwapaka rangi tu. Wapagazi hawakuwepo, au waliuzwa wachache kama pambo. Ulikasirika siku ile mpaka ukasimama. Ukasema babu yako alibebeshwa mizigo ya Mjerumani akarudi nyumbani bega moja limeshuka, na kwenye meza yako hakuna jeshi litakalotembea bila watu wa kulibebea. Ukawatengeneza mwenyewe kwa waya na gundi ya mabomba, mmoja mmoja, na ukatutungia sheria ambayo mpaka leo inatutesa: jeshi lisilo na wapagazi halisogei. Likipoteza wapagazi wake, limesimama hapo hapo mpaka njaa ilimalize. Wewe uliwafinyanga watu, mimi nikachonga mizigo, kwa vipande vya mti wa mwangati. Mizigo yote. Yule mwenye shuka la kijani uliyemwita Babu, kile kikasha kichwani kwake kilinikata kidole mpaka damu. Kwa hiyo nusu ya sanduku lile ni yangu. Mpagazi wako, mzigo wangu. Hata baraza la kata lingeniunga mkono.

Nitakuambia wivu ulianzia wapi, maana haukuanza msibani. Figo zilipoanza kukusumbua, Godlisten ndiye aliyekuwa na gari. Akawa anakupeleka hospitali kila Alhamisi na kukurudisha. Nikasema vizuri, kijana ana utu. Halafu nikagundua kwamba mkirudi hakushushi tu na kugeuza gari. Anaingia ndani, anakaa mpaka jioni. Siku moja nilikuja kukuona bila kupiga simu kwanza, nikamkuta amekalia kiti changu, anakunywa loshoro, mahindi na maziwa ya mgando, kwenye kikombe changu, kile cha bati chenye ua jekundu. Mama Neema akaniletea yangu kwenye glasi. Glasi, Anaeli, kama mjumbe aliyekuja kuleta posa. Mezani kati yenu askari wamepangwa, na nilipoingia wote wawili mkanyamaza.

Mimi ni mtu mzima, najua ukimya wa watu waliokuwa wakikusema. Sikumaliza ile loshoro. Nilirudi Olmotonyi nimenuna, mke wangu akaniuliza nimefiwa au nimeachwa. Nilimwambia bado sijajua.

Ukafa na vita yetu katikati. Mwingereza wangu alikuwa ameshashuka kutoka Longido na kuvuka Ngare Nanyuki, Mjerumani wako amebanwa kati ya mlima na maziwa ya Momela. Desturi tuliitunga sisi wenyewe: mchezaji akihama au akifa, jeshi lake halivunjwi, anayepewa sanduku anakaa kwenye kiti chake na kuendelea pale pale alipoachia. Siku tunaitunga tulicheka sana, hatukufikiri kwamba itakuja kutugusa sisi. Basi nikasimama mbele ya chama chote nikasema sawa, tumalize, lakini atakayeshinda aondoke na sanduku. Watu wakaguna. Godlisten akatazama viatu vyake, akasema, "Sawa, mzee."

Tumemaliza Jumamosi iliyopita. Alifika kabla yangu. "Shikamoo, mzee." Marahaba yangu ilitoka kwa shida kama jino. Alikuwa ameshawapanga wapagazi wako, na nilipoinama kuwatazama nikaona amewafuta vumbi wote, na mguu wa Babu uliokuwa unalegea ameutia gundi ukasimama imara kuliko siku uliyomtengeneza. Ningemkuta amemvunja, ningefurahi. Nakwambia ukweli kwa sababu huna wa kumwambia.

Mpango wangu unaujua, maana sina mwingine. Nilipita msituni. Msitu ule niliupanda mimi, najua kila sponji. Nilitaka nitokee nyuma ya Mjerumani nikamate wapagazi, asimame kama gogo, nimmalize taratibu na kubeba sanduku langu nyumbani. Nikatokea. Wapagazi hawapo, wamehamishwa ng'ambo ya mto. Nikazunguka upande wa ziwa, nikajiandaa tena. Kabla sijagusa dadu, akawasogeza. Nikajaribu tena kwenye bonde, na dadu zilikuwa zinanipenda siku ile kuliko wakati wowote, lakini utampiga nani pale ambapo hakuna mtu? Mwishowe nikamuuliza wazi kama kuna mtu nyuma yangu anampa ishara.

Akajikuna shingo. Hakutaka kusema, hilo nampa haki yake. Halafu akasema, "Mzee, ukivua miwani unakuwa umeshaamua kupiga. Mzee Anaeli ndiye aliniambia."

Chumba kizima kikatazama miwani yangu. Ilikuwa mkononi.

Anaeli! Miaka yote ile! Kumbe ndiyo sababu nilikuwa nakukuta umeondoka, nawe unaisingizia bahati, unasema dadu hazina undugu. Ulikuwa unanisoma. Ulijua kitu kuhusu mimi ambacho mke wangu hakijui, ambacho mimi mwenyewe sikijui, ukakaa nacho, tukala wote, tukazikiana wazazi, hukuniambia hata siku moja. Ukaenda kumwambia Godlisten. Pale sanduku likanitoka kichwani. Sanduku ni mbao na waya. Lakini kumpa mtu mwingine jambo langu la ndani namna ile, na mimi mwenye jambo ukaninyima, hapana, hilo liliniuma mpaka kifuani.

Nikasema nitawaonyesha wote wawili, aliye hai na aliyekufa. Nikavaa miwani nikaisukuma mpaka juu ya pua, nikashambulia nayo usoni. Sasa, miwani ile ni ya kusomea. Naivua kwa sababu bila kuivua sioni ng'ambo ya meza. Nikasukuma kikosi changu chote, bendera mbele, wapagazi nyuma, moja kwa moja ndani ya ziwa la Momela. Niliona rangi ya buluu nikadhani ni kivuli. Na sheria ya ziwa ni kali, tuliiandika mimi na wewe. Walizama wote. Mwenye duka la mbao alitoka nje kwenda kucheka, akarudi, akatoka tena.

Nimeshindwa, ndugu yangu. Umenishinda ukiwa umelala Maji ya Chai na maua yako ya plastiki juu.

Watu walipoondoka tukabaki wawili, Godlisten anawafunga wapagazi kwenye pamba kama mayai, mimi natafuta kofia yangu ambayo nilikuwa nimeivaa. Akalifunga sanduku, akalisukuma mezani mpaka likanigusa. Akasema, "Mzee, chukua tu. Sikulitaka kwa ugomvi." Halafu akanieleza zile Alhamisi. Anasema wewe ndiye uliyekuwa unacheza kwa niaba yangu, Mwingereza, na yeye anacheza kama wewe. Anasema ulikuwa unanuna kwa uso wangu mwenyewe, unalalamika habari za miti, unaivua miwani ya Mama Neema na kuivaa tena, mpaka mkeo anaacha kupika kuja kutazama. Siku ile niliyoingia mkanyamaza, ulikuwa katikati ya kuniigiza. Na kwamba ulimwambia, "Usije ukamwonea huruma. Ukimwachia ashinde atajua, na akijua hatarudi. Atakaa kule Olmotonyi na miti yake mpaka afe."

Nililichukua sanduku. Ndilo nililolitaka tangu siku ile niliposimama bure mbele ya ukoo wako, na lilikuwa zito kuliko nilivyokumbuka. Nikalibeba mpaka mlangoni. Nikaona litakapokaa, juu ya kabati letu la vyombo, karibu na redio. Mwingereza wangu huku, Mjerumani wako kule, na mimi katikati peke yangu, nasogeza wa huku, nazunguka meza, nasogeza wa kule. Najivulia miwani mwenyewe. Najiona mwenyewe nimeivua.

Nikageuka nikamrudishia. Nikamwambia likae kwake, ila ile mizigo ni kazi ya mikono yangu, asithubutu kuipaka rangi. Na Jumamosi alilete mapema, tunaanza vita mpya. Akasema, "Sawa, mzee," na safari hii alikuwa anacheka, na sikupenda alivyocheka, kwa sababu ni kama wewe.

Usidhani nimepona. Kama kuna mahali mnakaa mkitusikiliza, sikiliza hili: bado nawaonea wivu, yeye na wewe, kwa zile Alhamisi. Mlikuwa na Lazaro, yaani mimi, mle ndani wakati wote, mnacheka naye, na Lazaro mwenyewe yuko Olmotonyi amenuna. Ningetoa jeshi langu lote, na waliozama na waliobaki, nikae pembeni mara moja nikuone ukinuna kwa uso wangu. Tena kikombe cha ua jekundu nimeshamwambia Mama Neema nakitaka. Amekiosha ameniwekea. Hilo sikulegeza.

Kwa hiyo lala, adui yangu. Hukuniachia sanduku, uliniachia mtu wa kupigana naye, nimeelewa, na bado nasema ungeweza kuniambia.

Ahadi yangu ni moja. Godlisten anamjua mtu mjini anayetengeneza miwani ya kuona karibu na mbali kwa pamoja, na amesema atanipeleka kwa gari lake, nisihangaike tena. Nimekataa. Hii ninayo, na kila Jumamosi nikitaka kupiga nitaivua, wanione.

Wako,
Bwana Miti
Olmotonyi