Ule Ukurasa wa Tanuru

Chanji, Sumbawanga
Jumapili, baada ya misa ya pili

Mwalimu wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Naacha nafasi kidogo hapa uitikie, maana hukuwa unakubali mazungumzo yaanze kabla hujaitikia.

Shikamoo. Unaendeleaje huko uliko? Macho je? Naamini huko mtoto wa jicho hayupo, unaona mpaka ng'ambo, na kifua kimekuachia. Sisi huku ni wazima kwa neema ya Mungu. Upepo wa mwezi wa saba umeshafika, ule wa kukata masikio, na mimi naandika nikiwa nimevaa lile koti lako la kahawia. Mkeo, Mama Deusi, ndiye aliyenipa. Alisema nilivae tu, lisije likaliwa na nondo. Mikono ni mirefu, nimeikunja, sijaikata. Fundi cherehani mzima nashindwa kukata mikono ya koti.

Ulituacha mahindi yakiwa ndiyo yanabeba. Yameshavunwa, na ulezi umeshaanikwa. Mama Deusi sasa anatoka nje, anakwenda jumuiya, anacheka kidogo. Kiti chako bado kipo barazani, upande ule ule wa jua. Juzi nilikuta kuku ametamia chini yake. Nilitaka kumfukuza, nikamwacha.

Mwalimu, nina jambo. Nimelizunguka miezi yote hii.

Nililipeleka kwanza kwenye kitubio. Padri alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa malipizi, akaniondolea. Nilipotaka kuinuka akasema, "Mungu amekusamehe, Skola. Mwalimu mwenyewe umemwambia?" Nikamjibu, Padri, Mwalimu si ameshafariki? Akasema, "Najua, nilimzika mimi. Umemwambia?"

Basi ndiyo nakwambia.

Unakumbuka ulivyoniita mara ya kwanza. Macho yalikuwa yamekwisha, kitabu chako cha watoto kiko kichwani, na huoni hata mstari wa daftari. Nilikuja kuchukua vipimo vya suruali, ukaniambia, "Skola, darasa la tatu mwandiko wako ulikuwa kama kuku amepita kwenye majivu. Ulipona?" Nikasema nilipona kiasi. Tangu siku hiyo kila saa kumi jioni nilifunga cherehani, nikaja na kaunta buku. Wewe unasema, mimi naandika, halafu nakusomea. Nikisoma sawasawa unagonga mkongojo sakafuni mara moja. Nikikosea, mara mbili. Siku nyingine uligonga mara mbili mpaka Mama Deusi akauliza kutoka jikoni kama kuna mtu anabisha hodi.

Mimi mwanamke wa darasa la saba, niliyemaliza shule nikakalishwa kwenye cherehani, niliandika kitabu. Sikuwahi kukwambia furaha yangu. Nilikuwa natembea barabarani nikirudi nyumbani huku nimekumbatia lile daftari kama mtoto mchanga.

Na hadithi yenyewe niliipenda. Zamani zile watu wetu wa Ufipa walipokuwa wanayeyusha mawe ya chuma huku huku juu, kwenye matanuru marefu ya udongo kumshinda mtu, wanayoyaita wazee ilungu. Na yule msichana wako Namwela, binti wa mkuu wa tanuru, aliyekuwa anataka jembe la mama yake litoke kwenye moto wa baba yake. Watoto wa Jumapili niliowasomea sura za mwanzo walikuwa wananisubiri mlangoni mwa kanisa. "Mama Editha, Namwela amefika wapi?"

Amefika kwenye tanuru. Hapo ndipo tulipogombana.

Wewe ulisema siku ya kuwasha moto Namwela anabaki nyuma ya mstari wa majani. Mwanamke hapiti. Wanaume wa tanuru hawalali kwao siku hizo, wanapikiwa mbali, na nyumbani hakuna anayethubutu kuinua sauti, chuma kisije kikakataa kutoka. Hiyo ndiyo ilikuwa mila. Mimi nikasema, sasa Mwalimu, watoto wa kike wasome sura kumi na mbili, halafu kwenye moto waambiwe kaeni huko? Nilikuwa na Editha wangu moyoni. Unajua alivyokuwa anachekwa alipoanza uchomeleaji chuo cha ufundi. Majirani walisema binti ataungua uso, nani atamwoa. Nilitaka aione Namwela anasimama mbele ya moto, naye asimame.

Ukasema, "Skola, msichana nimembuni mimi. Mila sikuibuni mimi."

Nikasema, kama umembuni basi mwingize.

Ukasema, "Anabaki nje. Na huko nje nako kuna kazi." Halafu ukakohoa sana, nikakuletea maji, na hatukuendelea.

Jioni ile nilifika nyumbani nikafungua daftari, nikaandika ukurasa wangu. Nikamvusha Namwela mstari. Nikamweka mbele ya tanuru, cheche zinamrukia kwenye nywele, baba yake anamshika bega. Niliandika vizuri, Mwalimu, Mungu anisamehe, niliandika vizuri kuliko kurasa zote. Ukurasa wako nikauchana taratibu kwenye uzi, usionekane.

Kesho yake ukaniambia nikusomee. Nikafungua ukurasa wangu, macho yangu yanaona maneno yangu, na mdomo wangu ukasema ya kwako. Nilikuwa nimeyakariri. Namwela akabaki nyuma ya majani. Nilipomaliza uliuzungusha mkongojo mkononi kwanza, sijui kwa nini. Halafu ukagonga mara moja.

Hilo pigo moja la mkongojo ninalo mpaka leo. Nilimdanganya kipofu. Na kipofu mwenyewe ndiye aliyenishika mkono akanifundisha herufi a.

Nilisema nitakwambia Jumatatu. Jumatatu wateja walikuwa wengi. Nikasema Jumatano. Jumatano ulikuwa umeshapelekwa hospitali, na Ijumaa tulikuwa tunakuimbia. Nilikaa kwenye mkeka pamoja na wanawake wenzangu nikalia, na watu wakasema, jamani Skola alimpenda Mwalimu wake. Hawakujua nusu nyingine ya kilio.

Siku ya arobaini, baada ya misa, Deusi mwanao akasimama mbele ya watu. Akasema baba aliacha kitabu, aliyekiandika yupo, basi atusomee kidogo, baba azungumze na wageni. Watu wakapiga makofi. Na akachagua mwenyewe, Mwalimu, sikumwambia mimi. Akasema, "Soma pale kwenye tanuru."

Ningeweza kusoma ya kwako tena kwa kichwa. Nilikuwa nayo. Lakini sikuweza kudanganya mara ya pili, nikasoma kilichoandikwa. Nikasoma cheche, nikasoma bega. Wengine wakafuta macho. Na dada yako, Bibi Kalista, aliyekaa mbele kabisa na blanketi lake, akainua mkono.

"Hayo hakusema ndugu yangu."

Deusi akamwambia taratibu, Shangazi, ni hadithi tu. Bibi akasema, "Hadithi namna gani inayomwingiza mwanamke kwenye ilungu? Ndugu yangu alikuwa haoni, hakuwa amechanganyikiwa." Wengine wakacheka. Mimi nilikuwa natafuta pa kuweka uso. Akaniangalia. "Wewe mshonaji. Hiki kiraka ni cha kwako, eeh?"

Nikasema mbele ya wote, ndiyo Bibi, ni cha kwangu.

Nilidhani atanifukuza. Akasogea kwenye mkeka, akapiga-piga mahali pembeni yake, nikakaa. Akaniuliza kwa nini. Nikamweleza habari za Editha, na habari za kubaki nje. Akasikiliza huku anatafuna kitu. Mwishoni akasema, "Na tanuru lilijengwa na nani?"

Nikasema, na wanaume.

Alicheka mpaka blanketi likaanguka. "Udongo wa kichuguu uliletwa na nani? Maji kutoka bondeni yalibebwa na nani? Nani aliukanyaga udongo toka asubuhi mpaka miguu inachubuka? Wasichana, mama. Wasichana na mama zao. Wanaume walipanga ukuta, wakaingia na moto wao, wakatuambia tukae huko. Sawa, tulikaa. Lakini udongo ukikanyagwa vibaya, ukuta unapasuka, moto unatoka nje, chuma hakuna. Mama yetu alikuwa anasikiliza kutoka nyuma ya majani kama ukuta wake utapasuka."

Mama yetu, Mwalimu. Alisema mama yetu.

Mama yako mzazi alikanyaga udongo wa tanuru la mwisho la kijijini kwenu, akiwa msichana wa kimo cha Namwela. Wewe ukaniambia msichana umembuni. Ulinidanganya na wewe, basi. Au ulikuwa unasubiri niulize hiyo kazi ya huko nje ni kazi gani, na mimi badala ya kuuliza nikachana ukurasa.

Wiki iliyofuata nilipanda bodaboda mpaka kijijini kwenu, nikamwomba mjukuu wa Bibi Kalista anionyeshe. Tanuru limebaki nusu, usawa wa kiuno changu, nyasi zimelizunguka, mbuzi wamelala kwenye kivuli chake. Matundu ya chini yalikokuwa yanaingia upepo bado yapo, mawili yamezibwa na mchwa. Nitakwambia ukweli, nilitafuta alama ya kidole. Nilizunguka ukuta wote nikiwa nimeinama kama mtu aliyepoteza sindano. Hakuna alama yoyote. Udongo tu, mgumu kama tofali, mweusi ndani. Nikauwekea kiganja. Miaka yote hiyo ya mvua za Ufipa, na haujapasuka.

Nilisali Baba Yetu moja pale, nikarudi.

Sasa nimeuandika ukurasa upya. Si wangu, na si wako kabisa, maana wako uliishia kwenye majani. Nakusomea, usikilize:

"Namwela alibaki nyuma ya majani pamoja na wasichana wengine. Hakuuona moto. Aliusikia ukivuta upepo kwa matundu yote, ukinguruma kama ng'ombe dume zizini. Miguu yake ilikuwa bado ina nyufa za udongo. Alifumba macho akaufuata ukuta kwa mawazo, kuanzia chini, udongo alioukanyaga siku ya kwanza, hadi juu, udongo alioukanyaga siku ya tatu, na kila mahali akauambia ukuta: shika. Siku ya pili jioni baba yake alitoka, uso mweusi kwa moshi. Hakumtazama mtu mwingine. Alimtazama yeye, akasema: umeshika."

Hapo ndipo nilipoishia. Nimeurudisha kwenye daftari kwa uzi wa cherehani, mshono unaonekana, nimeuacha uonekane.

Jumapili iliyopita niliwasomea watoto. Kadogo kamoja ka kiume kakasema, "Kumbe hakuona moto, huyo." Binti mmoja wa darasa la tano, hata sikujua kama alikuwa anasikiliza, akamgeukia: "Na nyumba ya moto kajenga nani, wewe?" Wakaanza kubishana mpaka katekista akaja kuwatoa nje. Nikasema moyoni, Mwalimu angekuwepo angewaacha wabishane.

Deusi anasema atatafuta mtu wa kukichapa. Ikiwezekana, sawa. Isipowezekana, nitakinakili kwa mkono, daftari hadi daftari, kila shule ya msingi ninayoishonea sare ipate moja. Hiyo ndiyo ahadi yangu, na mara hii sibadilishi neno.

Nyingine ni hii. Ule msalaba wa mti kaburini umeanza kulegea kwa mvua. Editha amechomelea wa chuma. Aliufanya chuoni mbele ya wavulana wote, na mimi nilisimama mlangoni nikaona cheche zinavyomrukia, na hakuna aliyemzuia kupita. Mkono mmoja wa msalaba umepanda kidogo kuliko mwenzake. Ungeugundua kwa kuushika tu. Alitaka kuukata upya, nikamwambia auache, ndivyo mwandiko wake ulivyokuwa unapanda darasa la kwanza. Tutausimamisha kabla ya Siku ya Marehemu Wote, Padri ameshakubali kuubariki.

Pumzika, Mwalimu. Salamu kwa mama yako. Mwambie ukuta niliugusa, na umeshika.

Nisamehe. Sikuombi maneno mengi, najua ulivyo. Nakuomba tu unijibu mapema. Jioni nitakuja kukaa barazani karibu na kiti chako, yule kuku akiniruhusu, na nitasikiliza sakafu.

Mara moja inatosha.

Mwanafunzi wako,
Skolastika, Mama Editha