Mota Niliyoizamisha, Luhende Akafukuzwa

Shikamoo Shangazi Moza,

Nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mama, hata dada Winnie ninayelala naye chumba kimoja: mimi ndiye niliyezamisha mota ya klabu ya sayansi kwenye kikombe cha maji, lakini aliyefukuzwa ni Luhende. Naomba unisaidie kabla sijapasuka kwa hasira.

Niko kidato cha tatu hapa Mwanza, ni katibu wa klabu, kazi yangu ni kuandika tu kwa sababu kuongea mbele ya watu kunanishinda, na mwezi uliopita shule tatu zilipewa mota mpya mbili mbili za aina moja tuunde magari ya rimoti tushindane Kisesa, nami nilikuwa nimesoma kwenye kitabu cha maktaba kwamba mota mpya ya namna hii haikimbizwi kwa nguvu siku ya kwanza, kwa sababu ndani yake kuna vipande viwili vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye shaba ya duara inayozunguka, na vikiwa vipya uso wake ni bapa, vinaigusa shaba kidogo tu, cheche zinaruka, shaba inaungua, kwa hiyo kwanza unaizungusha polepole kwa betri mbili za tochi mpaka kaboni zilike na kufuata mviringo wa shaba, na ukitaka iwe haraka unaizungusha ndani ya maji safi dakika chache, kisha unaikausha na kuitia mafuta ya cherehani. Nilimweleza Alexander, kiongozi wetu, akanijibu, "Katibu, wewe andika. Nani kakuuliza?"

Basi asubuhi ya mashindano niliwahi maabara peke yangu, nikafanya kama kitabu kinavyosema, maji yakawa meusi kwa unga wa kaboni, nikaikausha mota, nikaitia mafuta, nikaiweka dirishani, kengele ya paredi ikalia nikakimbia bila kumwaga kikombe, na Luhende, ambaye ilikuwa zamu yake ya kufagia, akakutwa amekishika kando ya mota. Mwalimu Chenge akauliza, "Umelowesha mota ya klabu?" Luhende akasema, "Mwalimu, mimi nimekuta hivi hivi." Hakuaminiwa, akafukuzwa klabu palepale, na mimi nilikuwa nimesharudi, nimesimama mlangoni, Shangazi, mdomo haukufunguka.

Sasa sikia! Mota ile ile ikafungwa kwenye gari, kwa kuwa kanuni zilitaka ya pili ibaki kwenye boksi hadi raundi ijayo, gari likawaacha wenzake nusu mzunguko, na Jumatatu Mwalimu akasimama mbele ya shule nzima akasema gari la Alexander limeshinda licha ya hujuma ya Luhende. Licha! Limeshinda kwa hiyo hiyo wanayoiita hujuma! Alexander anapigiwa makofi, anasema siri ni mkono wa dereva, na Luhende akipita anaitwa Mbatizaji, "Mbatizaji, redio yetu haijaokoka, leta ndoo!" na wanaocheka ni watu wasiojua kaboni ni kitu gani! Wiki ijayo tunakwenda Misungwi, ambako kanuni zinataka tutumie ile mota ya pili, na Alexander anasema ataitoa kwenye boksi na kuipa betri kubwa siku hiyo hiyo. Je, niache iungue mbele ya watu ndipo wajue nani alikuwa anajua? Nikisema ukweli nitafukuzwa mimi.

Katibu, Mwanza

*

Marahaba mwanangu Katibu,

Hasira yako naielewa. Mwalimu aliyehukumu kwa kuona kikombe tu, asijiulize maji yamekuwaje meusi, alikosea, tena mwalimu wa sayansi! Na huyo Alexander anayepokea makofi yasiyo yake aone haya.

Lakini nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta unamsikitikia nani. Kaboni umezieleza hadi mimi nisiyejua umeme nimeelewa. Luhende umempa mistari michache. Wewe umekosa sifa, binti yangu. Yeye amechafuliwa jina, na anaitikia matusi yaliyokuwa yako. Tena katibu ni wewe. Kufukuzwa kwake kuliandikwa na mkono wa nani? Hukuniambia, na nadhani najua sababu.

Hilo la kuiacha mota ya pili iungue liondoe kichwani leo. Kukaa kimya huku unajua itaungua, hiyo ndiyo ingekuwa hujuma ya kweli.

Fanya hivi. Anza na Luhende, umwombe radhi ana kwa ana kabla mtu mwingine hajasikia. Kisha nenda kwa Mwalimu mbele ya klabu nzima. Mdomo ukigoma, mikono yako haigomi: beba kikombe, betri mbili na hiyo mota, waonyeshe. Ukifukuzwa, fukuzwa. Hukuomba ruhusa, na hilo ni kosa lako kweli.

Shangazi Moza

*

Shangazi, nilichofanya ni hiki.

Nilimkuta Luhende bombani, nikamwambia. Akaendelea kujaza ndoo. Akasema, "Nilijua. Siku ile ulinukia mafuta ya cherehani."

"Mbona hukunitaja?"

"Nilidhani utajitaja."

Ijumaa nikaingia klabu na kikombe. Sikuweza kusema zaidi ya "Ni mimi." Nikaizamisha mota ya pili, nikaunga betri. Alexander akasema, "Mbatizaji wa pili huyu," wawili wakacheka, kisha maji yakaanza kuwa meusi na hakuna aliyecheka tena. Mwalimu Chenge akavuta kiti, akatazama mpaka mwisho. Akasema Luhende arudi, na mimi nitoke klabu hadi muhula uishe kwa kugusa vifaa bila ruhusa. Misungwi sitakwenda.

Kabla ya kutoka nilifungua daftari la klabu, pale nilipoandika kwa mkono wangu, "Luhende ameondolewa kwa kuharibu mota." Nikapiga mstari juu ya sentensi hiyo. Chini yake nikaandika, "Mota haikuharibika. Aliyeizamisha ni mimi," nikaweka jina langu lote, Paskazia Mashimba. Nikamkabidhi Luhende ile chupa ya mafuta ya cherehani, nikatoka.