Mukeke Ameshuka

Mama Zaina, mke wangu, nakusalimu kutoka Buyenzi.

Koo limefunguka! Daktari alipitisha mpira mwembamba mdomoni, akachoma sindano ya kulegeza ule msuli uliokuwa ukinikabia chakula kifuani. Leo dada yangu Mwajuma aliweka sinia la ugali na samaki wa mukeke, nikageukia ukuta kama nilivyozoea, nisionekane nikitema chakula. Akanishika mkono: "Apana, kaka. Kula na sisi." Nikameza bila maji. Samaki akashuka, na machozi pia, maana wewe uliyenikorogea uji mwaka mzima hukuwepo.

Vita bado vimefunga barabara ya kurudi kwako Uvira. Dawa ya sindano nayo, anasema daktari, baada ya miezi kadhaa itaisha nguvu. Omba njia ifunguke kabla koo halijajifunga tena. Nataka kula mbele yako, nikikutazama.

Wako, Baba Zaina