Gari Linalokohoa Asubuhi

Jumatatu, 15 Februari 1993

Maji, oili, upepo wa matairi. Vyote sawa. Nimewasha saa kumi na mbili na nusu. Injini imetetemeka tena, ikakohoa, ikazimika. Baadaye imeshika, lakini bila nguvu. Kamlima ka kwenda stendi nimekapanda kwa gia ya kwanza, abiria wananitazama. Saa sita mchana gari hilo hilo limekimbia kana kwamba si lile la asubuhi.

Imekuwa hivi tangu wiki iliyopita. Naogopa. Madaktari wa macho watakuwa Kilimatinde Jumamosi, siku hiyo moja tu, na hakuna anayejua watarudi lini. Jicho la kulia la mama mkwe limeshafungwa na mtoto wa jicho. La kushoto linaona vivuli. Nyonga yake haiwezi basi. Lazima alale kiti cha nyuma. Wenye teksi wengine nimewauliza. Hakuna anayeitaka barabara ya Issuna na mvua hizi.

Kwa hiyo ni gari hili, au hakuna safari.

Jumanne, 16 Februari

Nimelipeleka kwa Mrisho. Fundi mzuri, mdomo mkubwa. Injini hii haina pistoni. Ndani kuna vyuma viwili vya pembe tatu vinavyozunguka, kimoja mbele, kimoja nyuma, na kila kimoja kina plagi mbili, ya juu na ya chini. Magari ya Japani siku hizi yamejaa, lakini kama hili sijaona lingine mkoa mzima. Ndiyo maana nililipata kwa bei ndogo na kulifanya teksi mimi, karani ambaye ghala lake limefungwa.

Mrisho ameinama, ametazama, ameinuka.

"Karani, hii si injini. Hii ni mashine ya kusaga. Lete mahindi."

Gereji nzima imecheka. Mimi pia, kidogo.

Tumesafisha kabureta. Tumebadilisha chujio la petroli. Mchana limetulia, nikamshukuru, nikaenda kazini na moyo mweupe.

Jumatano, 17 Februari

Asubuhi ni yale yale. Mvua ilinyesha usiku na leo limekuwa baya zaidi.

Mrisho anataka kuing'oa injini na kuweka ya pikapu, yenye silinda nne za kueleweka. Anasema hii imechoka ndani. Ikitolewa leo, Jumamosi gari litakuwa juu ya mawe. Nimekataa. Amekasirika, nami nimekasirika. Nimemwomba kwanza tuipime pumzi. Amenuna, lakini amekubali.

Tumetoa plagi. Ameweka kidole gumba kwenye tundu, mimi nimezungusha stata. Puf, puf, puf. Sawasawa. Chuma cha mbele hivyo, cha nyuma hivyo. Uso wake umebadilika.

"Ana mapafu huyu," amesema. "Mzima kuliko wewe."

Sikumbuki lini nimefurahia tusi namna ile. Injini ni nzima. Ugonjwa uko nje yake.

Nyumbani mama mkwe ameuliza kama Jumamosi bado ipo. Nimejibu ipo. Sijui nimeipata wapi sauti ya kujibu hivyo.

Alhamisi, 18 Februari

Mrisho amekuja kwangu mwenyewe, asubuhi na mapema, kabla gari halijapata joto. Sikumtarajia baada ya ugomvi wa jana. Mungu ambariki.

Tumeliacha likinguruma na kutetemeka. Nimechomoa waya za plagi moja moja kwa kitambaa kikavu. Nikichomoa ya chini ya mbele, injini inataka kufa. Nikichomoa ya chini ya nyuma, hakuna kinachobadilika. Plagi ile haipati moto wa umeme. Tumeweka plagi nyingine: vile vile. Waya nyingine: vile vile. Kilichobaki ni kifuniko cha distributa, kinachogawa moto kwa kila plagi.

Mrisho ameomba blanketi. Tumejifunika wote wawili, vichwa ndani ya boneti, giza tupu, jasho. Mke wangu, Mama Asha, amepita na ndoo, akauliza kama tumeanza kujifukiza. Tulikuwa tunaona. Vijicheche vya buluu vinatambaa juu ya kifuniko, vinakimbilia kwenye chuma badala ya kwenda kwenye plagi.

Nimezima. Juu ya kifuniko kulikuwa na utando mweupe. Niliudhani vumbi. Nimeugusa kwa kidole, nikauonja.

Chumvi.

Shemeji Hamisi alikuwa anapiga mswaki mlangoni. Yeye na mdogo wake huliosha gari nikiwa sipo, kwa sababu litambeba mama yao. Nilijua. Sikujua kwamba hufungua boneti.

"Tunaosha mpaka ndani, shemeji. Mama hapandi gari chafu."

"Kwa maji gani?"

"Ya ziwani. Bombani kuna foleni mpaka barabarani, kwani huoni?"

Mrisho akapiga kelele. "Mmeitia chumvi injini ya watu! Mnataka kuila?"

Basi. Ziwa letu ni la chumvi. Usiku wa mvua chumvi inavuta unyevu, moto unapotea. Jua likipanda inakauka, gari linapona. Magari mengine huoshwa pale pale na hayadhuriki, maana hakuna anayeyafungua ndani.

Nimekasirika kwa dakika chache. Kisha nimemtazama. Hamisi alikuwa ameshusha mswaki, hana utani hata mmoja. Yeye na mdogo wake hawana gari, hawana nauli ya kumpa mama yao. Walichokuwa nacho ni mikono, wakaitoa. Nimemwambia chumvi inatoka. Amechukua ndoo mbili, akaenda foleni ya bomba.

Ijumaa, 19 Februari

Jana tumeosha kifuniko, waya na koili kwa maji ya bomba, vuguvugu. Vikakaa juani mchana kutwa. Tumepaka mafuta ya mgando kwenye maungio ili unyevu usiingie.

Mvua imenyesha tena usiku. Sikulala vizuri. Alfajiri nimewasha. Imeshika mara moja. Sauti laini, kama cherehani. Nimekaa humo ndani sifanyi kitu, nasikiliza tu.

Mrisho amekataa malipo ya kazi ile ya blanketi. Anasema blanketi lilikuwa langu.

Jumamosi, 20 Februari

Tumeondoka gizani. Issuna kuna tope hadi kwenye mlango. Hamisi na mdogo wake wamesukuma, wamelowa, wamecheka. Injini haikukosea hata mara moja. Tumefika kabla majina hayajaanza kuitwa. Mama mkwe ameingia chumba cha upasuaji saa tano. Nimechoka kuliko kushika kalamu.

Jumapili, 21 Februari

Bandeji imetolewa asubuhi, wodini. Mama Asha alikuwa naye. Mimi nilikaa barazani.

Kwetu mkwe hamkazii mkwe wake macho. Lakini mwaka huu, kwa kutoona, mama alikuwa ananielekezea uso moja kwa moja bila kujua, na mimi ndiye niliyekuwa nageuka.

Nimevua viatu, nimeingia bila kusema neno. Alikuwa anatazama viganja vya binti yake. Akainua kichwa. Aliponiona mlangoni akainamisha macho haraka, akavuta kanga mpaka kwenye paji la uso.

Nimemwamkia. Ameitikia marahaba, mwanangu, huku akitazama sakafu.