Bia ya Baba Yenu Iliyoko Stoo

Wanangu,

Nimewahi kiwandani. Chai iko kwenye thamosi. Msiingie stoo pekupeku, vipande vya chupa vimetapakaa hadi nyuma ya mlango.

Ule mlio wa alfajiri haukuwa mwizi. Ni bia ya Krismasi aliyoitengeneza baba yenu. Chupa tatu zimepasuka na zilizobaki zitafuata.

Miaka yote yeye alikuwa anajaza, mimi natia sukari, kijiko kimoja kila chupa, ndipo anafunga kizibo. Mwaka huu nilimkataza, kwa ugonjwa ule uliokuwa unamsahaulisha. Akasubiri nitoke, akatengeneza peke yake. Jioni nikakuta pakiti nzima ya sukari imekwisha, nikamsema mpaka akainamisha kichwa. Leo, wiki ya sita tangu tumzike, ndipo nimeelewa. Alitia, akasahau, akatia tena, na sukari ikizidi gesi hupasua chupa. Hata yeye hakujua sukari imekwenda wapi.

Sasa sikilizeni. Zifungueni nje, moja moja, mkono umezungushiwa taulo, uso kando. Wewe mkubwa ufungue, mdogo wako akae mbali, najua atabisha.

~~Mwageni zote.~~

Bakizeni moja, ile aliyoiandika "ya mama yenu" kwa mwandiko ule wa kutetemeka. Iwekeni kwenye ndoo, muifunike kwa gunia. Kama ni kupasuka, ipasuke nikiwepo.

Mama yenu