Shimo la Masaka na Tochi Uliyompa Damasi

Shemeji Anselmi,

Salamu za kuulizana hali nimeziacha. Habari zako ninazo. Fundi Kasimu, niliyekua naye mtaa mmoja kule Nyamirambo, amepata kibarua kwako Kinyinya, na juzi alipita hapa Masaka akanieleza unachofanya. Umechimba shimo jipya. Unatengeneza yale matofali mepesi ya mume wangu Damasi, na unawaambia vibarua kwamba kaka yako alifia shimoni kwa sababu alikuwa amelewa.

Nilikuja kwako kabla ya mvua. Njiani, kwenye vizuizi, askari waligeuzageuza kitambulisho changu wakiuliza Mswahili wa Nyamirambo anatafuta nini huko. Nilipofika, mlinzi wako akasema umesafiri, huku nikikusikia ukicheka nyuma ya ua. Ndiyo maana nakuandikia.

Unakumbuka ilivyoanza? Kibanda cha pombe mlichoachiwa na baba yenu, Damasi alikipaka chokaa mwaka ule vita vilipoanza kaskazini. Baadaye ukataka kupigilia msumari wa kutundikia vibuyu, msumari ukapinda. Juu, karibu na paa, chokaa ilipukutika kwa kidole. Chini, karibu na mitumbwi ambamo maji ya ndizi yalikuwa yakichacha, ilikuwa ngumu kama kigae. Wewe uliutukana msumari. Damasi alichuchumaa pale, akawa anaugonga ukuta kwa kucha, chini, juu, tena chini, mpaka chakula kikapoa. Kisha akasema ni ile hewa inayotoka kwenye pombe inapochacha. Ni nzito, inakaa chini, na chokaa ikiinywa inarudi kuwa jiwe. Mwalimu wake wa shule ya ufundi aliiita kaboni dioksidi. Sisi tuliiita pumzi ya pombe.

Nakumbuka mchanganyiko wa kwanza. Chokaa, mchanga laini, saruji kidogo, na ule unga wa aluminiamu ambao wapaka rangi hutia ili mabati yang'ae. Uji ule uliumuka ndani ya kasha kama unga wa mandazi, ukamwagikia miguu yako. Ulipoanza kukaza tuliukata kwa waya, mimi nimeshika ncha moja na wewe nyingine.

"Muramu, hii si tofali, iko mkate," ukaniambia, ukiniita shemeji kwa lugha yenu. "Lete chai."

Nilicheka hadi waya ukaenda mshazari, na kipande kile Damasi hakukitupa. Tulikuwa tukicheka pamoja, Anselmi. Silikani hilo.

Mlipanua shimo la kuivishia ndizi mkayapanga matofali humo, yakiachiana nafasi. Mitumbwi ya pombe ikakaa ukingoni. Tukafunika vyote kwa majani ya migomba na udongo, ili pumzi itiririke chini isitoroke. Siku tulipofunua, Damasi alichukua tofali moja akalitia kwenye beseni langu la kufulia. Likaelea. Ukaweka yai juu yake, nalo likaelea na yai lake, na binti yetu Adela akapiga makofi. Jirani akachungulia juu ya ua.

"Nyumba ya sabuni hiyo! Mvua ikikuja, mtalala nje."

"Ingia ulipige teke basi," ukamjibu.

Akalipiga, akaenda nyumbani akichechemea. Siku ile nilikupenda kama ndugu yangu wa tumbo moja.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo Kinyinya hulisemi. Hakuna mtu aliyeshuka shimoni kabla ya koroboi. Damasi aliifunga kamba, akaiwasha, akaishusha polepole. Ikizimika, hakushuka mtu. Tuliondoa majani yote, tukapunga kwa matawi ya migomba, mimi upande huu na wewe ule, kisha akaishusha tena. Koroboi ikiwaka mpaka chini, ndipo alipovua viatu. Ulikuwa ukimtania, "Kaka anapiga hodi kwa shimo lake mwenyewe." Alikuwa akijibu, "Napiga, maana siku moja halitanikaribisha vizuri." Alijua. Na wewe ulijua, kwa sababu alikueleza mbele yangu: pumzi ile huzima taa na mtu vilevile, huioni, na katika harufu ya ndizi pua haikuambii kitu.

Ilikuwa Kwaresima. Mafuta ya taa yalikuwa yamepotea madukani kwa sababu ya vita, na koroboi ilikuwa kavu. Ulikuja na mgeni wako mwenye shati jeupe, mnunuzi aliyekuwa akijenga Kinyinya, akitaka kuona tofali saa ileile. Damasi akasema mgeni arudi kesho, yeye ataazima mafuta. Ukatoa tochi mfukoni, mpya, yenye karatasi yake bado.

"Chukua hii."

"Tochi haifai. Humo ndani itawaka tu, hata pumzi ikijaa."

"Si ndiyo kazi yake? Taa ni taa, kaka. Iko inawaka, unataka nini tena?" Kisha ukamgeukia mgeni wako. "Ameoa Mswahili, sasa anaogopa hata shimo lake."

Mgeni akacheka. Damasi akanitazama, halafu akavua viatu.

Hakupiga kelele. Aliinama kuinua tofali, akakaa kama mtu aliyechoka, akalala ubavu. Tochi iliendelea kuwaka mkononi mwake. Nilitaka kuruka, ukanishika kiuno ukaning'ang'ania. Ungeniachia, nami ningebaki mle. Haki yako hiyo sikunyimi. Tulipunga pamoja, tukiita, mpaka jirani yule wa teke alipoleta kamba na ndoano, na tulipomtoa alikuwa ameshakata roho.

Kwenye msiba ulisimama mbele ya watu wa parokia ukasema, "Kaka alionja kidogo, akateleza." Damasi, aliyekuwa ameacha pombe tangu Jumatano ya Majivu! Nilipofungua mdomo, ukawaambia, "Mwacheni, Waswahili iko na maneno mengi." Wakaniacha kweli. Shuleni Adela akaitwa binti wa mlevi. Nilimkuta amefunika uso kwa koti la baba yake, akilinusa mfuko kwa mfuko.

"Mama, mbona halinuki pombe?"

Nilimwambia halinuki kwa sababu hakunywa. Akaniuliza, sasa baba mdogo alisema vile kwa nini? Mjibu wewe. Mimi nimeshindwa kupata jibu ambalo mtoto anaweza kulala nalo.

Kama uongo wako ungekuwa umechukua heshima ya marehemu peke yake, ningeendelea kulia ndani ya chumba hiki alichonijengea. Lakini Kasimu alikuja hapa akakaa kwenye mkeka wangu, akanituliza. Akasema, "Usiniogopee, dada. Mimi sinywi, tangu kuzaliwa. Shimo linachukua walevi." Akaniambia wanashuka na tochi.

Ulisikia hilo, Anselmi? Mtu asiyegusa pombe anashuka kifua mbele, kwa sababu wewe umemwambia kinachoua ni kulewa. Ulisema uongo ili watu wasikuulize nani alimpa Damasi tochi. Sasa uongo huohuo unawashusha wengine, wenye wake na watoto.

Sitaki unililie. Sitaki uje kwenye kumbukumbu ya marehemu. Nyumba hii usikanyage mpaka umeitamka kweli kwa mdomo wako, na Adela akiwa anasikia.

Kasimu nimemweleza yote. Barua hii nimempa yeye. Ataisoma kwa sauti mbele ya vibarua wako, asubuhi, kabla hawajafunua, ndipo akukabidhi. Utasema Mswahili ana maneno mengi. Sema. Watakuomba ushuke wewe kwanza, kama ulivyomshusha kaka yako. Najua hutashuka. Basi simama pale ukingoni, watu wakikutazama, uwaambie kwa nini hushuki.

Mimi,
mke wa Damasi